Taka za Nyuklia: Hukubali Kweli Yule Awezaye Kukataa

Haya ni maelezo ya hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa serikali na walimu.



Mambo yaliyozishinda nchi zenye viwanda vikubwa ni machache, na mojawapo, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, limekuwa ni kupata mahali pa kuzika taka za nyuklia. Nchi hizo zimekwisha kupasua kiini cha atomu, zikaendesha manowari kwa nguvu zake na kuwasha taa za miji mizima. Lakini zilipofikia hatua ya kuwaambia wananchi wa mahali fulani kwamba mabaki ya kazi hiyo yatazikwa chini ya ardhi yao, nyingi zilikwama. Hazikukwama kwa kukosa wataalamu wala fedha. Zilikwama kwa sababu wananchi hawakuziamini.

Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini na kila mtu ambaye kazi yake ni kufikisha maamuzi ya serikali kwa wananchi, au kuwaelimisha watoto wa wananchi hao. Kwani linaonyesha waziwazi jinsi imani ya umma inavyojengwa, na jinsi inavyobomolewa.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Fueli ya urani inapokwisha kutumika katika kinu cha nyuklia hutolewa ikiwa na joto kali, na ikiwa na mionzi inayoweza kumwua kwa muda mfupi mtu aliyesimama karibu nayo bila kinga. Kwanza huwekwa ndani ya mabwawa ya maji kwa miaka kadhaa ili ipoe. Baadhi ya mionzi yake hufifia mapema: ile ya sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Lakini plutoniamu-239 huhitaji miaka yapata 24,000 ili mionzi yake ipungue nusu. Ndiyo sababu Uswidi na Ufini hupima usalama wa makaburi ya taka hizo kwa kipindi cha miaka 100,000. Historia yote ya binadamu tangu alipojua kuandika ni miaka yapata 5,000 tu.

Wanasayansi wa nchi nyingi wamekubaliana kwamba njia iliyo bora ni kuzizika taka hizo mita mia kadhaa chini ya ardhi, katika mwamba uliotulia. Katika mpango wa Uswidi, ambao Ufini nayo imeufuata, fueli hutiwa ndani ya makasha ya chuma yaliyovikwa shaba. Makasha huzungushiwa udongo uitwao bentonaiti, ambao huvimba ukilowana na hivyo kuyazuia maji. Na vyote hivyo huwekwa ndani ya mwamba mgumu kwenye kina cha mita 400 hadi 500.

Hapo ndipo penye ugumu. Hakuna mtu aliye hai leo, wala mjukuu wake, atakayeishi hadi kuona kama kaburi hilo limetimiza ahadi yake. Mkulima au mvuvi anayeombwa akubali kaburi hilo lichimbwe karibu na nyumba yake hawezi kuupima mwamba. Anachoweza kukipima ni mwenendo wa wale wanaomletea habari za mwamba: iwapo jana walimwambia kweli, iwapo wanamsikiliza anapouliza, na iwapo atakaposema hapana neno lake litakuwa na uzito wowote. Kwa mwananchi huyo, tabia ya serikali ni sehemu ya usalama wenyewe, sawa na shaba na udongo.

Makosa ya Nevada

Marekani ilipitisha sheria juu ya jambo hili mwaka 1982. Sheria hiyo ilikuwa na nia njema. Ilisema kwamba sehemu mbalimbali za nchi zitachunguzwa na kulinganishwa kisayansi. Kwamba kutatafutwa kaburi la kwanza na kisha la pili, ili mzigo usiangukie upande mmoja wa nchi. Na kwamba serikali itaanza kuzipokea taka kutoka kwenye vinu mwaka 1998.

Mwaka 1986 Wizara ya Nishati ilibakiza sehemu tatu, zote za magharibi: moja katika jimbo la Texas, moja katika jimbo la Washington, na mlima uitwao Yucca katika jimbo la Nevada. Wakati huo huo ikasimamisha kutafuta kaburi la pili, ambalo lilitazamiwa kuwa upande wa mashariki wenye watu wengi na vinu vingi. Kisha, mwezi Desemba 1987, Bunge likabadili sheria: Texas na Washington zikafutwa, ikabaki Nevada peke yake, kabla uchunguzi wa kuzilinganisha sehemu hizo tatu haujafanywa.

Wananchi wa Nevada hawakuhitaji kuwa wataalamu wa miamba ili kuelewa yaliyotokea. Spika wa Baraza la Wawakilishi wakati huo, Jim Wright, alitoka Texas. Kiongozi wa wajumbe wa chama chenye wingi katika baraza hilo hilo, Tom Foley, alitoka Washington. Nevada ilikuwa na wawakilishi wawili tu kati ya 435. Haikuwa hata na kinu kimoja cha umeme wa nyuklia. Tena sehemu ya mlima huo imo katika ardhi ambayo watu wa kabila la Western Shoshone wamekuwa wakiidai kuwa ni yao kwa mkataba wa mwaka 1863.

Lilikuwapo pia jambo la zamani zaidi. Tangu mwaka 1951 mabomu ya nyuklia yalikuwa yakijaribiwa katika jangwa la Nevada, na wakazi wa huko na wa majimbo ya jirani waliambiwa na maofisa kwamba hakuna hatari yoyote. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia waliopatwa na maradhi baada ya kuishi katika njia ya vumbi la mabomu hayo. Watu waliokwisha kuambiwa mara moja na serikali kwamba hakuna hatari, wakaja kulipwa kwa sababu hatari ilikuwapo, wasingeweza kulaumiwa kwa kusita mara ya pili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Nevada ilikwisha kukilalia.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2002 Rais aliupitisha mlima wa Yucca; Gavana wa Nevada akatumia haki aliyopewa na sheria ya kuupinga uamuzi huo; Bunge likautengua upinzani wake katika miezi michache. Mwaka 2010 serikali nyingine ikaanza kuuondoa mpango huo, nazo fedha zake zikakatwa. Kufikia hapo zilikuwa zimetumika dola bilioni 15 hivi. Mwaka 1998 ulikuwa umepita zamani bila taka kupokelewa, na serikali imelazimika kuyalipa makampuni ya umeme mabilioni ya dola kwa kuvunja ahadi. Taka zenyewe zimebaki pale pale zilipokuwa, kwenye vinu vilivyotawanyika katika majimbo zaidi ya 30.

Yamkini mlima wa Yucca ungefaa. Wapo wanasayansi waliosema hivyo. Lakini hata kama ungefaa, nani angeamini? Tume iliyoundwa kwa agizo la Rais kuchunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake Januari 2012, na pendekezo lake la kwanza lilikuwa kwamba tangu hapo mahali pa kuzika taka pachaguliwe kwa ridhaa ya wenyeji.

Ufa wa Asse

Ujerumani nayo ilijifunza kwa gharama. Kati ya mwaka 1967 na 1978, mapipa yapata 126,000 ya taka za mionzi yaliwekwa katika mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse. Mahali hapo paliitwa mahali pa utafiti, na wakazi walihakikishiwa kuwa pako salama. Tangu mwaka 1988 maji ya chumvi yakawa yakipenya ndani ya mgodi. Mwaka 2008 umma ukajulishwa kwamba baadhi ya maji yaliyokuwa mgodini yalikuwa na mionzi, na kwamba wasimamizi walilijua jambo hilo kabla. Mwaka uliofuata usimamizi wa mgodi ulihamishiwa kwenye idara ya serikali ya kinga ya mionzi, na baadaye ikaamuliwa kisheria kwamba mapipa hayo yatolewe, kazi iliyo ngumu na ya gharama kubwa sana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Asse ulianza katika chumvi, lakini uliokuwa mkubwa zaidi ulikuwa ni ule uliopita kati ya serikali na wananchi. Kila waziri aliyesimama kueleza kwamba Gorleben, mahali palipochaguliwa mwaka 1977 bila wenyeji kuulizwa, pangefaa kuzikwa taka kali zaidi, aliulizwa habari za Asse. Gorleben ilipingwa kwa miaka zaidi ya 30, maelfu ya polisi wakihitajika kila taka zilipopitishwa. Mwaka 2013 sheria mpya ikaamuru utafutaji uanze upya katika nchi nzima. Na Septemba 2020, shirika la kitaifa lililopewa kazi hiyo liliiondoa Gorleben katika orodha kwa sababu za mwamba wenyewe. Yaani baada ya miaka 43, walioonekana kuwa ni wakaidi hawakuwa wamekosea.

Uswidi yabadili njia

Uswidi ilianza kwa njia hiyo hiyo ya kuamua, kutangaza, na kisha kutetea. Mwishoni mwa miaka ya sabini, kampuni ya makampuni ya umeme iitwayo SKB ilianza kuchoronga miamba sehemu mbalimbali bila ya kuwataka wenyeji shauri. Wenyeji wakasimama. Katika milima ya Kynnefjäll walijenga kibanda na kukilinda mchana na usiku tangu mwaka 1980 hadi mwaka 2000 ili mtu asije na mashine za kuchoronga. Huko Almunge, mwaka 1985, polisi waliitwa kuwaondoa watu waliozuia kazi.

Kampuni ingeweza kuendelea kuita polisi. Badala yake iliacha. Mwaka 1992 iliziandikia barua manispaa zote za nchi kuuliza ni ipi iliyo tayari kufanyiwa uchunguzi wa mwanzo, ikijua kwamba sheria ya Uswidi inaipa manispaa haki ya kukataa. Manispaa mbili za kaskazini, Storuman na Malå, zikajitokeza. Uchunguzi ulipokwisha, wananchi wakapiga kura ya maoni. Mwaka 1995 Storuman ilikataa kwa kura nyingi sana. Mwaka 1997 Malå nayo ilikataa kwa asilimia 54.

Kampuni ikafungasha vitu vyake ikaondoka. Haikurudi na ahadi mpya, wala haikwenda Bungeni kuomba kura hizo zitenguliwe. Huenda hilo ndilo lililokuwa tendo kubwa kuliko yote katika historia ya jambo hili, kwa sababu nchi nzima ilishuhudia kwamba neno hapana lilisemwa na likaheshimiwa. Baada ya hapo manispaa nyingine ziliweza kuingia katika mazungumzo bila kuogopa kwamba mlango utafungwa nyuma yao.

Hatimaye zilibaki manispaa mbili, Oskarshamn na Östhammar. Zote zililipwa kutoka katika mfuko wa taka za nyuklia, unaochangiwa na wazalishaji wa umeme huo, ili ziajiri wataalamu wao wenyewe wa kuikagua kazi ya kampuni. Vyama vya watu wanaohifadhi mazingira, hata vile vilivyoupinga mpango, navyo vilipata fedha za kufuatilia jambo hilo. Mwaka 2009 Forsmark, katika manispaa ya Östhammar, ilichaguliwa kwa ubora wa mwamba wake. Kabla uchaguzi haujatangazwa, manispaa hizo mbili zilikuwa zimekubaliana na kampuni na wenye kampuni kwamba miradi ya maendeleo yenye thamani ya kronor kati ya bilioni 1.5 na bilioni 2 itagawanywa, robo tatu ikienda kwa ile ambayo haikuchaguliwa. Kwa mpango huo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba Östhammar imenunuliwa.

Wala mambo hayakwenda bila ubishi. Wataalamu kadhaa walitia shaka iwapo shaba ya makasha itastahimili kutu kama ilivyodaiwa. Januari 2018 mahakama ya ardhi na mazingira iliieleza serikali kwamba ushahidi juu ya makasha hautoshi, na kampuni ikalazimika kuleta maelezo zaidi. Wapo waliosema kuwa hilo ni pigo kwa imani ya wananchi. Ukweli ni kinyume chake: mwananchi aliona kwamba iko mamlaka inayoweza kumwambia mwenye mradi arudi akafanye kazi yake upya. Mwaka 2020 baraza la Östhammar likapiga kura ya kukubali, Januari 2022 serikali ikatoa idhini, na Januari 2025 ujenzi ukaanza.

Jirani yake, Ufini, imetangulia zaidi. Sheria yake ya mwaka 1987 iliipa manispaa haki ya kukataa ambayo haiwezi kutenguliwa na serikali wala Bunge. Januari mwaka 2000 baraza la Eurajoki lilikubali kwa kura 20 dhidi ya 7, na mwaka 2001 Bunge likaidhinisha kwa kura 159 dhidi ya 3. Leseni ya ujenzi ilitolewa mwaka 2015, na mwaka 2024 yalianza majaribio ya kazi nzima bila kutumia fueli halisi.

Hoja ya wasioamini

Wapo wanaouliza: iwapo kila mji utapewa haki ya kukataa, je, taka zitakwenda wapi? Swali hilo lina maana, na historia imekwisha kulijibu. Waliotumia nguvu ya sheria na polisi wamebaki na taka mlangoni. Waliokubali kukataliwa ndio wanaochimba.

Hata hivyo, ridhaa isifanywe kuwa dawa ya kila kitu. Eurajoki na Östhammar zote zilikuwa na vinu vya umeme wa nyuklia kwa miaka mingi. Wakazi wake walivizoea na wengi walipata ajira humo. Storuman na Malå hazikuwa na vinu, nazo zilikataa. Tena yapo maswali juu ya nani hasa aulizwe. Nchini Uingereza, Januari 2013, halmashauri mbili za wilaya katika eneo la Cumbria zilitaka kuendelea na mazungumzo, lakini halmashauri ya eneo zima ilikataa, na mpango ukasimama. Huko Kanada, mahali palipochaguliwa Novemba 2024 palihitaji ridhaa ya mji wa Ignace na pia ya taifa la wenyeji wa asili la Wabigoon Lake Ojibway. Na wapo wasioweza kuulizwa kabisa, yaani watakaozaliwa katika miaka hiyo 100,000. Ridhaa ya leo haiwafungi wao. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mwamba ulio bora. Mahali pabaya hapawi pazuri kwa kupigiwa kura.

Zaidi ya hayo, iko hatari ya dhiki. Mji maskini unaweza kukubali kwa njaa jambo ambalo mji tajiri ungelikataa. Ridhaa inayopatikana kwa kuonyesha fedha kwanza na habari baadaye ni hongo, hata kama imetiwa sahihi na muhuri.

Kazi ya mtumishi na ya mwalimu

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Lakini mionzi si jambo la mbali. Hospitali na viwanda hutumia vyanzo vya mionzi, na vinapokwisha kazi lazima vihifadhiwe. Ghala la kuvihifadhi liko Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Aidha, mradi wa urani wa Mto Mkuju umo katika Wilaya ya Namtumbo, na popote duniani urani inapochimbwa hubaki mabaki ya mawe yaliyosagwa yenye radiamu, ambayo mionzi yake hupungua nusu kwa miaka 1,600. Wananchi wa sehemu kama hizo watauliza maswali. Hawatayauliza kwanza kwa wanasayansi. Watayauliza kwa mtendaji wa kata, kwa bwana afya, na kwa mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu.

Katika saa hiyo kazi ya mtumishi si kuwatuliza wananchi. Ni kuwaeleza. Yako mambo manne ambayo mifano iliyotajwa inayafundisha. La kwanza, habari zifike kabla ya uamuzi. Zikifika baada yake huwa ni matangazo tu. La pili, habari mbaya itolewe na mwenye mradi mwenyewe, na itolewe mapema, kwani ikigunduliwa na wengine huharibu hata habari njema zilizotangulia. La tatu, mkaguzi asiwe mtu wa mwenye mradi, na wananchi wawezeshwe kuwa na mkaguzi wanayemwamini wao. La nne, ambalo ndilo mzizi wa yote, wanaoulizwa wawe na haki ya kweli ya kukataa, na wanaouliza wawe tayari kuondoka.

Mwalimu naye ana wajibu usio mdogo. Mwanafunzi anayejua tofauti kati ya mionzi inayofifia kwa miaka 30 na ile inayodumu kwa miaka 24,000 hadanganyiki kirahisi, wala na anayemwambia kwamba hakuna hatari, wala na anayemtisha bila sababu. Serikali iliyo na mambo ya kweli ya kusema haina haja ya kumwogopa raia wa namna hiyo.

Mara nyingi husemwa kwamba wananchi hupinga kwa sababu hawajaelimishwa. Watu wa Nevada walielimishwa sana, kwa vijitabu na mikutano isiyo na idadi, na bado walikataa. Walichokosa si elimu. Walikosa sauti. Watu wa Malå walipewa sauti, wakasema hapana, wakaachwa kwa amani; na kwa kuachwa kwao kwa amani, wengine waliofuata wakathubutu kusema ndiyo.